Kobu wa Wales wa miaka 5: ni mbegu au ni malezi?

Saisi wa Carmarthen

Wakuu, habarini. Naomba kujuzwa na wanaowafahamu kobu wa Wales, yaani uzao wa farasi wanene wa huko, hasa hawa wa Seksheni D, kundi la wale wakubwa.

Farasi ni dume aliyehasiwa, ana miaka 5, kimo sentimita 147. Ukizungusha utepe kifuani unapata sentimita 188, na kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako ni 162. Alianza kupandwa mwaka jana. Mchana yuko malishoni, usiku bandani. Ukimhudumia chini ni mpole kabisa: anapigwa brashi bila kufungwa, anatoa miguu yote minne, anapanda trela bila kubembelezwa.

Shida ziko hapa. Pipa la taka alilolipita salama wakati wa kwenda, wakati wa kurudi analiruka kando kama ameona simba. Akifika kwenye geti la kutokea shambani anaganda, na ukimgusa kwa kisigino anarudi kinyumenyume au anainua miguu ya mbele. Telki yake (mwendo wa kati, kabla ya mbio) ni ya kupendeza, lakini akiombwa shoti (mbio) anaongeza telki tu, mpaka inakuwa ya kasi ya kumtupa mtu mizani. Kamba anaifungua mwenyewe kwa midomo. Tena ananenepa, ilhali hapewi nafaka yoyote.

Je, ndiyo mbegu ilivyo au kuna kitu kimekosewa? Na nianze na lipi?

Vigwe Virefu

Ndugu Saisi, karibu yote uliyoandika ni kobu mwenyewe. Hakuna kilichoharibika bado. Lakini miaka 5 hadi 7 ndiyo umri ambao wengi wao huharibiwa kwa kuharakishwa, kisha wakauzwa kwa jina la wakorofi. Huyu anakua taratibu, mwili na akili. Ukimhesabu kama kijana wa darasa la saba mpaka afike miaka 7 au 8, hutakosea sana.

Anza kwa kuelewa alizalishwa kwa kazi gani. Kabla ya chama cha uzao huu, Welsh Pony and Cob Society, kuanzishwa mwaka 1901, na hata miaka kadhaa baadaye, madume ya kuzalisha yalichaguliwa kwa kushindanishwa telki barabarani. Njia iliyosifika ni ya kupanda kutoka Cardiff hadi Dowlais, maili 35, na kobu wa maana aliimaliza chini ya saa 3. Mnyama huyohuyo alifanya kazi za shamba, akavuta kigari cha familia siku ya soko, akambeba daktari kwa wagonjwa wake. Mwili wake una jibu moja kwa kila swali asilolielewa: ongeza telki. Kwa hiyo unapomwona anakimbiakimbia, mara nyingi hajakaidi. Ameulizwa kitu, hajui jibu, ametoa lile alilorithi.

La pili, ambalo wapandaji wengi hawalioni: kobu ni mwepesi wa kujifunza, na ukirudia swali baada ya yeye kulijibu vizuri, anadhani amekosea. Farasi mzito wa kufikiri unaweza kumrudisha kwenye kona ileile mara 10, naye atazidi kutulia. Kobu mara ya kwanza atajaribu, ya pili atafanya vizuri, ya tatu atafanya kabla hujamwomba. Kuanzia ya nne anaanza kubahatisha: labda ulitaka nirudi nyuma? Labda niruke kando? Hapo ndipo vituko vinapozaliwa. Akifanya vizuri mara mbili au tatu, legeza vigwe, mwache atembee, kisha muulize jambo lingine sehemu nyingine ya uwanja. Somo la dakika 20 hadi 30 linamtosha farasi wa umri huo, siku 3 au 4 kwa wiki, na siku nyingine mtoe barabarani atembee.

Sasa pipa. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, na moja kwa moja mbele ya paji la uso na chini ya pua kuna eneo asiloliona. Pipa la kushoto wakati wa kwenda liko kulia wakati wa kurudi, na umbo lake kutoka upande ule ni jingine kabisa. Kila kitu utakachomzoeza, mzoeze pande zote mbili kama vitu viwili tofauti. Ukiwa juu yake, fanya hivi: mita 10 kabla ya pipa, geuza pua yake kidogo ITOKE kwenye pipa, macho yako yatazame mbele ya njia, mguu wako wa upande wa pipa ukae ubavuni bila kupiga. Kosa la kawaida ni kumvuta kichwa alitazame pipa. Ukigeuza pua kulielekea pipa, bega linatoka upande wa pili, na bega likishatoka farasi ameshaondoka. Kosa jingine ni kuvuta vigwe vyote viwili kwa nguvu moja. Shingo ya kobu ni fupi na nene. Ukimpa kitu cha kuegemea ataegemea, na mtu hana kilo za kushindana naye.

Akisimama mwenyewe kutazama, mwache asimame, alimradi anatazama mbele. Ngoja masikio yaanze kucheza au shingo ishuke hata sentimita chache, kisha mwombe hatua moja. Usimlazimishe akaguse pipa kwa pua. Ukimsukuma mpaka mwisho, akiruka atarukia pale ulipo wewe.

Kuhusu geti, kabla ya mafunzo yoyote ondoa maumivu kwanza. Meno yakaguliwe (kwa umri wake meno ya utoto ndiyo kwanza yamemaliza kung'oka, na kingo kali za meno hukata shavu), mgongo upapaswe, tandiko lipimwe, kwato zitazamwe, na daktari aulizwe habari za vidonda vya tumbo. Farasi anayegoma getini pekee, huku akifanya kazi vizuri uwanjani, kwa kawaida ana wasiwasi wa kuacha wenzake. Anayegoma kila mahali ana kitu kinachomuuma.

Yakishaondolewa hayo, usimpige kisigino akiwa ameganda. Wenyeji wa Lamu wanamjua punda: akiogopa anasimama kama jiwe. Farasi wengi wakiogopa hukimbia. Kobu hufanya vyote viwili kwa zamu, na kisigino humhamisha kutoka cha kwanza kwenda cha pili. Badala yake fungua kigwe kimoja kando, mwombe asogeze matako hatua mbili tatu kwa mzunguko mdogo, mpaka miguu iwe laini tena, kisha mwelekeze getini na uache mkono. Akisogea hata hatua moja, mguu wako unyamaze. Wiki ya kwanza lengo liwe kupita geti, kwenda mita 50, na kurudi. Shuka utembee naye kwa miguu kama ni lazima. Si kushindwa huko: farasi huyu humwamini mtu aliye mbele yake. Baada ya hapo chagua njia ya duara, siyo ya kwenda na kurudi palepale, ili asijue ni wapi "nyumbani" panapoanza.

Kama una nafasi, mrudishe wiki 3 kwenye hatamu ndefu: wewe unatembea nyuma yake kidogo kando, yeye anatangulia. Ndiyo kazi bora kwa kobu mchanga. Anajifunza kwenda mbele peke yake bila kukutegemea machoni, na akishtuka hakuna anayeanguka.

Mama Malisho

Dada au kaka Saisi, mimi nakuanzishia mahali pengine: unene. Mengine yatasubiri, huu hausubiri.

Kwa vipimo vyako, zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, ugawe kwa 11,880. Ni 188 × 188 × 162 ÷ 11,880, unapata karibu kilo 482. Kimo cha sentimita 147 kinaweza kubeba uzito huo kama ni misuli, lakini wewe mwenyewe umesema ananenepa, basi tuamini jicho lako. Kobu aliumbwa kwenye milima ya mvua na nyasi duni. Anatoa nguvu kwenye majani ambayo farasi wa mbio angekondea. Ukimweka kwenye malisho yaliyopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, kama yalivyo mengi ya huko Carmarthenshire, umemweka kwenye duka la peremende.

Papasa sehemu tatu. Mbavu: unapaswa kuzihisi kwa kupapasa bila kubonyeza. Matako na chimbuko la mkia: pasiwe na mafuta laini yanayocheza kama uji. Ukingo wa juu wa shingo, chini ya singa: ukiweza kuuyumbisha kulia na kushoto kwa vidole, ni sawa, ukiwa mgumu kama mpira wa gari, mwite daktari apime insulini bila kungoja wiki. Ukingo mgumu ni onyo la laminaitisi, yaani uvimbe wa tabaka linaloshikilia mfupa ndani ya ukwato. Tabaka hilo likiachia, mfupa huzunguka na kushuka, na farasi wa namna hiyo wengi huishia kuuawa na daktari ili wasiteseke.

Chakula. Farasi huhitaji kama asilimia 2 ya uzito wake kwa siku, ukihesabu majani makavu yasiyo na maji. Wa kupunguzwa mpe asilimia 1.5. Kwa kilo 482 ni kilo 7.2, na kwa kuwa nyasi kavu za kawaida bado zina unyevu wa asilimia 13 hivi, kwenye mizani unapima karibu kilo 8.3. Hizo ni kwa siku nzima, na kila anachokula malishoni kimo ndani yake. Hapa ndipo hesabu za wengi hupotea: wanapima nyasi kavu kwa uangalifu, kisha wanamfungulia shamba kwa saa 8. Usishuke chini ya asilimia 1.5 bila daktari. Kobu akishindishwa njaa, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu yote kwa mpigo na ini hushindwa. Gawanya mafungu 3 au 4, weka kwenye neti za matundu madogo, asikae zaidi ya saa 4 hadi 6 bila kitu cha kutafuna.

Zipime kavu, kisha ziloweke. Saa moja ya kuloweka hupunguza sukari kiasi. Usiku kucha hupunguza zaidi, ila siku za joto maji hayo huchacha, kwa hiyo wakati wa kiangazi loweka muda mfupi na suuza. Maji ya kulowekea yamwagwe, siyo anyweshwe. Kwa kuwa madini nayo huondoka na maji, mpe chakula kidogo cha madini chenye shaba, zinki na vitamini E, pamoja na gramu 25 za chumvi ya kawaida.

Saa za malishoni zibadilishe. Nyasi hutengeneza sukari kwa jua la mchana na kuitumia kukua usiku. Kwa hiyo mchana kutwa, kama unavyofanya sasa, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mtoe saa 4 usiku, mrudishe saa 2 au 3 asubuhi. Isipokuwa usiku wa baridi kali wenye jalidi: baridi inasimamisha ukuaji, sukari ya jana inabaki kwenye jani, na asubuhi yenye jua na jalidi ni hatari kuliko mchana wa Julai. Siku hizo abaki ndani.

Kizuizi cha mdomoni, kile cha kumpunguzia kasi ya kula nyasi, kinasaidia, lakini mzoeze kwa saa moja moja kwanza, na kisizidi saa 10 hadi 12 kwa siku. Kobu wengi hujifunza kukivua kwa kukisugua kwenye nguzo, kwa hiyo kiunganishe na singa za paji kwa msuko.

Dalili za laminaitisi uzijue kwa moyo: mapigo makali yanayosikika kwa kidole nyuma ya kifundo cha mguu, ukwato wa moto, hatua fupi kwenye ardhi ngumu, kusitasita anapogeuka, kubadilisha mguu mmoja hadi mwingine akiwa amesimama. Ukiona mawili kati ya hayo, simu kwa daktari, matandazo ya kina bandani, na ASITEMBEZWE. Dhana ya kumtembeza ili damu izunguke imewamaliza wengi.

Na hili linarudi kwenye swali lako la tabia. Kobu aliyefungiwa kwa saa 12 na kulishwa majani ya sukari ana nguvu asizo na pa kuzipeleka. Sehemu ya simba unayemwona kwenye pipa imo ndani ya neti ya chakula.

Telki na Mlima

Mama Malisho amemaliza. Naongeza la usubi tu: Wales kuna unyevu, na mwasho wa usubi huwapata sana farasi wa uzao huu kuanzia Aprili hadi Oktoba. Wanajisugua singa na mkia hadi damu. Blanketi la kufunika mwili mzima livaliwe KABLA mwasho haujaanza, maana ngozi ikishachokozwa haitulii msimu wote. Alfajiri na magharibi ndiyo saa za usubi. Ikiwa utafuata ratiba ya usiku, blanketi ni la lazima, na mlaze malisho ya juu penye upepo, mbali na dimbwi na rundo la samadi.

Kamba: hiyo si hasira, ni midomo yenye akili. Kufunga kwa fundo la kufunguka haraka, kisha kupitisha ncha ndani ya kitanzi, kutamzuia siku mbili. Lakini siku akivuta kwa woga fundo hilo hukaza na halifunguki. Njia salama ni kufunga kamba kwenye kitanzi cha uzi wa marobota ya nyasi, ule unaokatika, na kuacha ncha ndefu upande asioufikia. Kamba nene ni ngumu kwake kuliko nyembamba. Mlango wa banda uwekee komeo la pili chini kabisa, la kufungwa kwa mguu. La juu atalifungua, ni suala la siku tu. Chumba cha chakula kifungwe kwa kufuli kila siku, hata kama yuko nje.

Saisi wa Carmarthen

Asanteni sana wakuu. Ukingo wa shingo nimeupapasa: unayumba, ila siyo kirahisi. Nitamwita daktari.

Mawili zaidi. Tandiko husogea mbele hadi mabegani kila akishuka kilima, na nikikaza mkanda anaanza kuuma hewa. Na shoti je? Kuna aliyeniambia nimzungushe kwa kamba ndefu kila siku mpaka ajue.

Fundi Tandiko

Ndugu, tandiko hilo huenda ni sehemu ya ugomvi wa getini. Kobu ana mgongo mpana na bapa, bega la juu limezama, na mbavu zimefura kama pipa. Matandiko mengi yana umbo la herufi V iliyogeuzwa. Lake linatakiwa kuwa pana na la mviringo, kama tao la daraja. Likiwa jembamba linakaa juu ya misuli kama pini ya nguo, linabana nyuma ya bega, na akinyoosha mguu wa mbele bega linagonga mti wa tandiko, yaani fremu yake ya ndani. Farasi mwenye telki ya kurusha goti anagongwa kila hatua.

Kusogea mbele kuna sababu nyingine: mahali mkanda wa tumboni unapopenda kukaa, kwa kobu, ni mbele sana, karibu na kiwiko. Mkanda hufuata bonde hilo, na tandiko huufuata mkanda. Kukaza hakusaidii, kunamuumiza tu, ndiyo maana anauma hewa. Tumia mkanda uliopinda nyuma ya kiwiko, na ufunge kwenye ulimi wa kwanza kabisa wa mbele na ule wa tatu (ndimi ni zile kanda za tandiko za kufungia mkanda). Ulimi wa mbele unavuta ncha ya mti chini, na tandiko linabaki nyuma. Kwa milima ya huko, mkanda wa mkiani hauna aibu yoyote. Waliowaendesha kobu kwenye vigari wanaujua.

Usirekebishe kwa kuongeza vitambaa vizito chini ya tandiko. Kiatu kinachobana hakitibiwi kwa soksi ya pili. Na kwa kuwa sasa unampunguza unene, pimisha tandiko upya kila miezi 3.

Lijamu pia litazame. Wengi wao wana ulimi mnene na nafasi ndogo kati ya taya, na kaakaa la chini. Fungua midomo pembeni: ukiona ulimi umejaza nafasi yote na kujitokeza kati ya meno, lijamu la milimita 18 ni kubwa mno. Jaribu la milimita 14, lenye maungio mawili na kipande kidogo laini katikati, au lililonyooka lenye tao la kuupa ulimi nafasi. Anayerusha kichwa au kufungua mdomo haponi kwa kufungwa mdomo. Mkanda wa pua uachwe vidole viwili vipite juu ya mfupa. Mkanda wa paji nao uwe mrefu: ana uso mpana, na ukibana unavuta mkanda wa kichwani hadi unakata nyuma ya masikio. Nunua vipande kimoja kimoja ikibidi.

Vigwe Virefu

Kumzungusha kila siku sikubaliani nako. Duara ni zito kwa viungo vya miaka 5, na kobu kwenye duara dogo hujifunza kitu kimoja tu, kuinama kama pikipiki na kukimbia. Kama ni lazima, duara la mita 20, dakika 10 kwa jumla, ukibadilisha upande, mara moja kwa wiki.

Shoti ina mapigo matatu, telki mapigo mawili. Kutoka moja kwenda nyingine farasi anapaswa kukaa kwenye miguu ya nyuma kwa nukta moja. Kobu mchanga uzito wake uko mbele na goti lake ni jepesi, kwa hiyo ukimfukuza anaendelea mbele tu. Ukishaona telki imekuwa ya kasi, shoti imekwisha kupotea. Mrudishe taratibu, usimkimbize aingie. Anayeingia shoti kwa kukimbizwa huingia kwa kuanguka.

Wiki 3 au 4 za mwanzo usiombe shoti kabisa uwanjani. Fanya hatua 10 za kutembea, hatua 8 za telki, hatua 10 za kutembea, ukibadilisha mahali kila mara. Telki ianze kwa pumzi yako, siyo kisigino. Halafu weka miti chini, minne, ikiachana mita 1.2, aipite kwa telki tulivu. Akigonga kila mara, rekebisha nafasi kwa hatua yake, maana kobu mwenye hatua ndefu huhitaji zaidi kidogo. Miti humfundisha kutazama miguu yake na humpunguzia mbio bila mkono wako kufanya kazi.

Kisha omba shoti ya kwanza nje, kwenye mteremko mwepesi, UKIPANDA. Kilima kinamsukuma kwenye miguu ya nyuma bure. Inuka kidogo kwenye vikuku, usikae kwa uzito mgongoni. Omba hatua 5 au 6, na wewe ndiye umrudishe kwenye telki kabla yeye hajaporomoka. Hatua 6 alizomaliza vizuri ni za thamani kuliko 30 alizoishia kwa kukimbia. Baadaye uwanjani, omba unapotoka kwenye kona kuingia upande mrefu, mti mmoja ukiwa chini palepale. Kuurukia mti ni nusu ya hatua ya shoti.

Akishindwa mara mbili, acha. Rudi kesho. Anakumbuka sana, na kumbukumbu ya kuzabwa fimbo kwenye kona fulani hataisahau mwaka mzima.

Kijana wa Swansea

Samahani kuingilia. Nilidhani kobu ni farasi wa kutulia, wa familia? Matangazo yote yanasema hivyo. Naulizia kwa ajili ya mtoto wa miaka 12 anayeanza.

Telki na Mlima

Mdogo wangu, jina linachanganya. Uingereza neno hilo hutumika kwa umbo tu: farasi yeyote mfupi, mnene, mwenye miguu mizito. Wale wa madoa makubwa meusi na meupe, wenye manyoya yaliyofunika kwato, mara nyingi ni uzao wa Wajipsi, na ndio wengi wao wametulia. Kobu wa Wales ni uzao wenye kitabu chake, na farasi wa madoa hayo haandikishwi humo. Ukiona tangazo la kobu wa Wales mwenye madoa, omba pasipoti usome ukoo.

Kitabu kina seksheni nne. A ni poni wa mlimani, hazidi sentimita 121.9. B na C hawazidi 137.2, C ndiye mwenye umbo la kobu. D anazidi hapo na hana kikomo cha juu. Kwa mtoto anayeanza, tafuta C aliyezidi miaka 12, aliyekwisha kupandwa na watoto, umwone akipita barabarani peke yake na akirudi. Usinunue kwa kumwona uwanjani tu. D wa miaka 5 kama wa Saisi ni farasi wa mtu mzima mwenye mkono laini, au wa kijana anayesimamiwa na mwalimu kila somo.

Ukitaka kuwaelewa kabla ya kununua, nenda kwenye maonyesho ya kilimo ya Royal Welsh Show kule Llanelwedd mwezi Julai, siku ya kobu. Tazama madume yanavyokimbizwa na vijana pembeni, umati ukipiga kelele. Mnyama akisikia kelele anapanda: shingo juu, mkia juu, telki inapasua ardhi. Halafu mfuate mazizini nusu saa baadaye. Yuleyule amelaza kichwa kwenye bega la mtu, anatafuta mfuko wenye karoti.

Saisi wa Carmarthen

Nimeelewa. Nitafuata hivi: daktari na meno wiki hii, malisho ya usiku pamoja na blanketi kuanzia leo, fundi wa tandiko kabla sijampanda tena, halafu hatamu ndefu wiki 3. Je, katika hizo wiki 3 nipite naye kwenye lile pipa?

Vigwe Virefu

Pita, pande zote mbili, siku ya pili au ya tatu, ukiwa na mtu mwingine mbele anayetembea kawaida. Wewe kaa upande wa pipa, kati yake na pipa, ili akiruka arukie upande usio na mtu. Barabara yenye magari siyo, tafuta njia ya shamba na upeleke pipa huko. Siku atakapolipita bila kugeuza sikio, usimrudishe kulipita tena siku hiyo.